Mchungaji na Usharika Wake: Kisa cha Northampton

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kupigwa chapa katika taarifa hii kwa shauri la Halmashauri)



 Mwandishi wa Chama aliponiletea barua, aliniomba nizungumze juu ya kiongozi na watu wanaomweka. Nilipoisoma nilielewa sababu yake. Nyote mwajua ya kuwa mbele ya mkutano huu limeletwa shauri la kubadili kanuni ya uanachama, na kwamba shauri hilo limekwisha kuwatenga watu waliokuwa wakila sahani moja. Wako wasemao kuwa mlango wa Chama uachwe wazi kama walivyouacha waanzilishi. Wako pia wasemao kuwa aingiaye na atimize masharti kwanza. Mimi sikuja kuwaambia mpige kura upande gani. Nimekuja na kisa cha kweli cha watu wengine, wa nchi nyingine, waliogombana juu ya mlango kama huu, na nitawaeleza jinsi walivyogombana na jinsi walivyoachana. Baada ya hapo shauri ni lenu.

Kisa chenyewe kilitokea Amerika ya Kaskazini, katika koloni la Uingereza lililoitwa Massachusetts, kabla Marekani haijawa dola. Katika koloni hilo, kando ya mto Connecticut, ulikuwako mji mdogo wa wakulima uitwao Northampton, wenye jamaa kama 200. Wakazi wake walikuwa Waprotestanti wa madhehebu yasiyokuwa na askofu. Kila kanisa lilijitawala lenyewe: wanaume washiriki walimchagua mchungaji wao kwa kura, wenyeji wa mji walimlipa mshahara, na siku wakimchoka, walikuwa na haki ya kuita baraza la makanisa jirani na kumwachisha kazi. Kwa hiyo mnaona ya kuwa kanisa lile lilifanana sana na chama kama hiki chetu. Lilikuwa na wanachama, kamati, mikutano, kura na hesabu za fedha, na lilikuwa na manung'uniko pia.

Mchungaji wa kwanza ninayetaka kumtaja ni Solomon Stoddard. Huyu alilihudumia kanisa la Northampton kwa muda wa karibu miaka 60, hata alipofariki mwezi wa Februari mwaka 1729. Alikuwa mzee mwenye sauti na nguvu, na katika bonde lote la mto ule neno lake lilishika kama sheria. Stoddard ndiye aliyeufungua mlango. Kabla yake, makanisa ya nchi ile yalimtaka mtu atoe ushuhuda wa jinsi Mungu alivyoubadili moyo wake, ndipo akaribishwe kwenye Meza ya Bwana. Watu wengi waliogopa kutoa ushuhuda huo, wakakaa nje maisha yao yote. Stoddard akasema: hapana mwanadamu awezaye kuujua moyo wa mwenziwe, basi kila mtu mwenye mwenendo mwema, aliyeifahamu imani na asiye na aibu ya wazi, na aje Mezani, kwa kuwa Meza yenyewe yaweza kuwa njia ya kumgeuza. Watu walilipenda neno hilo, na watoto wao na wajukuu wao walikulia ndani yake.

Alipokuwa mzee sana, kanisa lilimtafutia msaidizi, likamchagua mjukuu wake, mtoto wa binti yake, aliyeitwa Jonathan Edwards. Kijana huyu alizaliwa mwaka 1703, mtoto wa kiume pekee kati ya dada kumi. Aliingia chuo cha Yale kabla hajatimiza miaka 13. Aliwekewa mikono Northampton mwezi wa Februari mwaka 1727, na mwaka ule ule akamwoa Sarah Pierpont, nao wakajaliwa watoto 11. Babu alipofariki miaka miwili baadaye, mjukuu akabaki peke yake katika mimbari kubwa, naye hajafika miaka 26.

Wazee wangu, mwanzo wa kazi yake ulikuwa mwema. Katika miaka ya 1734 na 1735 ulitokea uamsho mkubwa wa dini. Edwards mwenyewe aliandika ya kuwa kwa muda wa nusu mwaka zaidi ya watu 300 wa mji ule walionekana kugeuka, na miongoni mwa waliopokewa walikuwamo Waafrika kadhaa waliokuwa watumwa. Habari hizo zilipigwa chapa London mwaka 1737, na jina la Northampton likajulikana ng'ambo ya bahari. Wenyeji walijivunia mchungaji wao, naye alijivunia watu wake.

Hapa hapana budi niseme jambo moja ambalo sisi Waafrika hatuwezi kulipita kimya. Mwaka 1731 mchungaji huyu alisafiri mpaka bandari ya Newport, akanunua msichana Mwafrika wa umri wa miaka kama 14, aliyepewa jina la Venus, kwa paundi 80. Hati ya mauzo ingaliko hata leo. Katika ugomvi wote nitakaowasimulia, ambao watu walihojiana humo juu ya nani astahili na nani hastahili kuketi Mezani, si mchungaji wala usharika aliyesimama kuuliza kama amnunuaye mwenziwe astahili. Nalisema hili mapema ili tukumbuke ya kuwa watu waweza kushindana kwa bidii juu ya jambo kubwa, na jambo jingine kubwa likawa limekaa jikoni mwao wasilione.

Sasa na tuutazame ugomvi wenyewe. Watu husema Edwards aliachishwa kazi kwa ajili ya Meza ya Bwana. Ni kweli, walakini si kweli yote. Moto ule ulikusanyiwa kuni kwa miaka mingi, nami nitazitaja tatu.

Ukuni wa kwanza ulikuwa tabia yake mwenyewe. Edwards alikuwa mtu wa vitabu, akikaa katika chumba chake cha kusoma saa nyingi sana za kila siku. Hakuwa na desturi ya kuzunguka nyumba kwa nyumba kuwaamkia watu. Alisema wazi kwamba hana kipawa cha mazungumzo, na kwamba atawafaa zaidi akihubiri na akiwapokea wenye shida nyumbani kwake. Aliyeitwa na mgonjwa alikwenda bila kusita. Lakini mkulima aliyetaka tu mchungaji asimame penye uzio wake aulize habari za mahindi na ng'ombe, huyo hakumpata.

Ukuni wa pili ulikuwa mshahara. Katika miaka ya 1740 fedha za karatasi za koloni lile zilikuwa zikishuka thamani kila mwaka, na mshahara uliotosha jana haukutosha leo. Edwards alikuwa na nyumba kubwa iliyojaa watoto na wageni, akawa hana budi kuomba mara kwa mara aongezewe, au alipwe yaliyochelewa. Watu walianza kuyatazama mavazi ya mkewe na vitu vya nyumba yake, na wengine wakataka hesabu ya matumizi yake. Yeye aliomba wamwekee kiasi kimoja kitakachofuata thamani ya fedha, ili mchungaji na watu wasikutane kila mwaka kama mdai na mdaiwa. Jambo hilo lilipatanishwa baada ya miaka kadhaa, lakini maneno yaliyokwisha kusemwa yalibaki. Ndugu zangu, fedha hulipwa zikaisha, lakini neno baya la fedha hubaki na riba yake.

Ukuni wa tatu ulikuwa wa mwaka 1744. Mchungaji aliletewa habari ya kuwa vijana kadhaa wa kanisa wamepata vitabu vya wakunga, wanavisoma kwa siri, na kuwatania wasichana kwa maneno ya aibu. Baada ya ibada akawazuia washiriki wa kanisa, akawaeleza, nao wakakubali kwa kauli moja kwamba jambo hilo lichunguzwe, wakachagua wazee wa kumsaidia. Mpaka hapo hapakuwa na kosa. Kisha Edwards akaisoma mbele ya watu wote orodha ya vijana watakiwao kufika nyumbani kwake. Ndani ya orodha ile walikuwamo walioshtakiwa, na walikuwamo walioitwa tu kuwa mashahidi, wala hakuwatenga. Wazee walipofika majumbani mwao wakatambua ya kuwa majina ya watoto wao, na ya watoto wa jamaa zenye heshima, yametangazwa pamoja kama ya wakosaji. Mji ukawaka. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Samuel Hopkins, mwanafunzi wake aliyeandika maisha yake, alisema kwamba tangu siku hizo nguvu ya mchungaji juu ya vijana ilivunjika. Na neno lililo zito kuliko hilo ni kwamba, tangu mwaka ule hata mwisho wa 1748, hapana mtu hata mmoja aliyekuja kuomba kuwa mshiriki.

Tena mwaka 1748 ulimletea misiba miwili. Mwezi wa Februari alifariki binti yake Jerusha, mwenye umri wa miaka 17. Mwezi wa Juni akafariki mjomba wake, Kanali John Stoddard, aliyekuwa mtu mkubwa kuliko wote katika mji, na ngao ya mchungaji. Maadamu Kanali yu hai, wenye manung'uniko walinong'ona. Alipozikwa, walisema kwa sauti.

Katika hali hiyo ndipo lilipokuja jambo la Meza. Edwards alikuwa ameyafuata mafundisho ya babu yake kwa miaka karibu 20, lakini moyoni alikuwa na shaka, na shaka ile ikakua hata ikawa yakini. Akaona ya kuwa mtu ajaye Mezani hana budi kukiri, kwa kinywa chake na kwa maneno ya kuaminika, kwamba anampenda Mungu na amejitoa kwake. Hakudai kwamba yeye aweza kuona ndani ya mioyo. Hakuwarudisha watu kwenye ushuhuda mrefu wa zamani. Aliandika mifano ya ukiri iliyokuwa mifupi kabisa. Mwezi wa Desemba mwaka 1748 mtu mmoja alipoomba kuingia, Edwards alimwonyesha maneno ya namna hiyo, na yule mtu akakataa kuingia kwa masharti hayo. Hivyo siri ikatoka nje.

Mwaweza kuuliza, je, kwa maneno machache kama hayo mji mzima ulikasirika? Naam, nasi tusiwacheke. Kwanza, lilikuwa neno la kumpinga babu, ambaye kaburi lake lilikuwa pale pale kati yao. Pili, walijiona wamedanganywa, kwa maana mchungaji aliwekwa kwa kanuni moja, naye ameibadili moyoni bila kuwaarifu kwa muda mrefu. Tatu, na hili ndilo lililowauma wazazi, kanuni mpya iligusa ubatizo, kwa kuwa watoto wa wasiokiri hawangebatizwa. Mzazi aliyeletwa kisimani na wazazi wake alitazama akaona mtoto wake mwenyewe aweza kuachwa nje. Mtu akikuambia wewe hustahili, waweza kuvumilia. Akikuambia mtoto wako hastahili, huwezi.

Mwezi wa Februari mwaka 1749 Edwards aliieleza kamati ya kanisa fikira zake, akaomba ruhusa azihubiri, ili watu wasikie sababu zake. Kamati ikakataa, ikasema na aandike kitabu. Akaandika kwa haraka, na kitabu kikapigwa chapa Boston katika mwezi wa Agosti. Ni wachache tu katika mji waliokisoma. Katika miezi hiyo mwanamke mmoja alikuwa tayari kukiri kama alivyotaka mchungaji, bila kulazimishwa na mtu. Kamati ikamkatalia, isije ikaonekana kuwa imekubali kanuni mpya. Tafakarini hayo, ndugu zangu. Waliopigania mlango uwe wazi kwa wote, wakamfungia mlango mtu aliyekuwa tayari kuingia, kwa sababu tu aliingia kwa njia ya upande wa pili.

Mapema mwaka 1750 Edwards alitoa mfululizo wa hotuba juu ya jambo hilo katika siku za juma. Wageni kutoka miji mingine walijaa kumsikiliza, na watu wake mwenyewe walikuwa wachache. Walisema tumekwisha kuamua, tusikilize nini tena?

Sasa likaja jambo la kuita baraza. Hapa pia walishindana miezi mingi, si juu ya imani, bali juu ya nani atakuwa mwamuzi. Wachungaji karibu wote wa wilaya ile walishikamana na mafundisho ya Stoddard, kwa hiyo Edwards aliomba achague baadhi ya makanisa ya mbali. Usharika ukakataa, mpaka hatimaye wakakubali achague mawili nje ya wilaya. Baraza likakutana mwezi wa Juni mwaka 1750. Washiriki wanaume walipoulizwa, zaidi ya 200 walitaka mchungaji aondoke. Waliosimama upande wake walikuwa kama 20 hivi. Baraza lenyewe lilipopiga kura kama utengano ufanyike mara moja, lilishinda kwa wingi wa kura moja tu. Tarehe 22 Juni 1750, baada ya miaka 23 ya kazi, uhusiano wa mchungaji na usharika ukavunjwa.

Mchungaji mmoja mjumbe wa baraza lile, jina lake David Hall, aliandika katika kumbukumbu zake ya kuwa katika juma lote lile hakuona dalili ya chuki katika uso wa Edwards. Tarehe 1 Julai Edwards alipanda mimbari kutoa hotuba ya kuagana. Maana ya maneno yake ilikuwa hii: mimi na ninyi tumeachana, lakini tutakutana tena mbele ya Hakimu asiyehitaji mashahidi, na hapo itajulikana kama nilikuwa mwaminifu kwenu, na kama ninyi mlinitendea haki. Kisha akawapa mashauri kama baba: watunze malezi ya nyumba zao, wajihadhari na ugomvi, na wawe waangalifu katika kumchagua atakayemfuata. Alikuwa na miaka 46, na watoto kumi, mmoja wao mchanga wa miezi miwili au mitatu, wala hakuwa na kazi nyingine.

Na tazama aibu iliyofuata. Kanisa halikupata mchungaji mara moja, na wahubiri wa muda walikuwa haba. Basi watu wale wale waliomfukuza wakawa wanamwomba Edwards awahubirie Jumapili moja moja, kwa malipo, naye akahubiri. Hali hiyo iliendelea kwa miezi kadhaa, hata mji ulipokata shauri asiitwe tena. Ilipita miaka mitatu na zaidi kabla hawajamweka mchungaji mpya, mwaka 1753.

Rafiki zake walimshauri aanzishe kanisa la pili papo hapo mjini. Kutoka Scotland, pia, rafiki mmoja alimwuliza kama angekubali kwenda kufanya kazi huko. Mwishowe hakuligawa kanisa, wala hakuvuka bahari. Mwaka 1751 alihamia Stockbridge, kijiji cha mpakani, mwendo wa maili 40 hivi kuelekea magharibi, akawa mchungaji wa wenyeji wa asili wa nchi ile, Wamohican na baadhi ya Wamohawk, akiwahubiria kwa mkalimani. Huko alisimama kidete kuwatetea watoto wao dhidi ya watu waliozitumia vibaya fedha za shule. Na huko, katika kijiji kile cha pembeni, ndiko alikoandika vitabu vilivyomfanya ahesabiwe hata leo kuwa miongoni mwa wanafikra wakubwa wa Amerika, kimojawapo kikiwa kile cha mwaka 1754 juu ya uhuru wa nia ya mwanadamu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaka 1758 alishika kazi ya mkuu wa chuo cha New Jersey. Alichanjwa ndui, na chanjo ile ikamletea ugonjwa uliomwua tarehe 22 Machi mwaka ule ule, akiwa na miaka 54.

Bwana Mwenyekiti, kisa kingekwisha hapo, ningesema tu kwamba watu wabaya walimfukuza mtu mwema, au kwamba mtu mkaidi aliwachosha watu wapole. Lakini yako mambo mawili yaliyotokea baadaye.

La kwanza ni la Joseph Hawley. Huyu alikuwa mwanasheria kijana, tena mtoto wa mama mdogo wa Edwards, na ndiye aliyekuwa msemaji mkuu wa upande uliotaka mchungaji afukuzwe. Maneno yake mbele ya baraza yalikuwa makali. Miaka minne baadaye, mwaka 1754, moyo ulimsuta, akamwandikia Edwards barua ya kukiri kosa lake. Edwards akamjibu bila kuficha kwamba jeraha lilikuwa kubwa. Tena mwaka 1760, Edwards akiwa amekwisha kufa, Hawley alikiri kosa lake hadharani katika gazeti la Boston, ili waliosikia matusi yake wasikie na majuto yake. Majuto ni mjukuu, lakini si kila mtu hukubali kumpakata mjukuu huyo mbele ya watu.

La pili ni la watoto na wanafunzi. Samuel Hopkins, yule mwanafunzi wake, alikuwa mchungaji katika mji wa Newport, kule kule alikonunuliwa Venus, akasimama kuupinga utumwa, na mwaka 1776 akaandika kudai watumwa wapewe uhuru. Mwana wa Edwards, aliyeitwa Jonathan kama baba yake, na aliyekulia Stockbridge akicheza na watoto wa Wamohican na kusema lugha yao, alihubiri dhidi ya biashara ya watumwa mwaka 1791. Yale ambayo baba hakuyaona, mwana aliyaona. Naye huyo mwana, mwaka 1795, aliachana na usharika wake pia, huko New Haven. Na mwaka 1900, ilipotimia miaka 150 tangu baraza lile, kanisa la Northampton liliweka bamba la shaba ukutani kumkumbuka mchungaji waliyemfukuza. Walioliweka hawakuwa wale waliopiga kura. Walikuwa wajukuu wa wajukuu wao.

Wazee wetu, msidhani ya kuwa mambo haya ni ya ng'ambo tu. Hata hapa Kenya, mwaka 1929, katika nchi ya Wakikuyu, baadhi ya misioni ziliwataka Wakristo watie sahihi au alama ya kidole kukubali katazo la tohara ya wasichana, la sivyo watoke. Sitaki kuingia katika hoja ya tohara yenyewe, ambayo leo sheria yetu imekwisha kuikataza. Natazama namna ya kuachana. Maelfu walitoka kwa siku chache, makanisa na shule za kujitegemea zikaongezeka, na ndugu wa tumbo moja wakaabudu katika majengo mawili. Palipotakiwa mazungumzo ya miaka, lilitolewa tangazo.

Basi, nimejifunza nini katika kisa cha Northampton? Naomba niyaseme kwa ufupi, kwa kuwa Mwenyekiti ananitazama, na saa inatazamwa.

Kwanza, kiongozi akibadili fikira zake, na awaambie watu wake mapema, hata kama hajamaliza kufikiri. Edwards hakukosa kwa kubadilika. Kila mtu mwenye akili hubadilika. Alikosa kwa kuwa watu waliyapata mabadiliko yake kama habari ya msiba, si kama shauri.

Pili, aibu ya mtu, hasa ya kijana, haisomwi katika orodha. Tulipokuwa tukijadili walio na malimbikizo ya ada, lilitolewa wazo kwamba majina yao yachapwe katika taarifa hii. Naiomba Halmashauri ikumbuke mwaka 1744. Katika orodha ya wenye deni huwamo mjane, na huwamo aliyefukuzwa kazi jana.

Tatu, fedha za mtumishi na ziwekwe wazi na kwa kanuni, si kwa kuombana kila mwaka. Mtumishi anayelazimika kuomba haki yake hugeuzwa kuwa ombaomba machoni pa watu.

Nne, mtu asikataliwe kusikilizwa kwa sababu kura zimekwisha kuhesabiwa. Watu 200 wa Northampton walikuwa na haki ya kumwondoa mchungaji wao, lakini haki hiyo haikuwapa ruhusa ya kuziba masikio. Kama wangemsikiliza wangeweza kumwondoa vile vile, lakini Hawley asingekuwa na barua ya kuandika.

Tano, na hili ndilo kubwa kwangu: ikiwa hapana budi kuachana, basi tuachane kama watu watakaoonana tena. Edwards hakuligawa kanisa, wala hakujibu tusi kwa tusi. Hawley hakuona haya kurudi nyuma. Hao wawili, mshindwa na mshindi, wote wawili walituachia mfano.

Leo jioni baada ya chai mtapiga kura juu ya kanuni yetu. Upande mmoja utashinda, labda kwa wingi wa kura moja. Naomba tu kwamba atakayeshinda asishangilie mlangoni, na atakayeshindwa asiondoke na kiti chake. Kesho kutwa, msiba ukitokea katika nyumba yoyote ya mwanachama, ni sisi sisi tutakaobeba jeneza, wa upande huu na wa upande ule, bega kwa bega, na maiti hatauliza aliyembeba alipiga kura gani.